Jinsi ya Kuchagua Faundesheni Inayoendana na Ngozi Yako: Mwongozo Kamili kwa Wanaochoka Kupauka

Malalamiko ni yale yale. Uso umepauka kama umepakwa majivu. Au asubuhi ulitoka nyumbani vizuri, saa sita mchana umekuwa wa machungwa. Au picha za sendofu zimerudi, uso una rangi yake na shingo ina yake.

Mara nyingi chupa yenyewe haina kosa, hata ile ya bei nafuu. Rangi ilijaribiwa nyuma ya kiganja, chini ya taa za duka, ikaamuliwa kabla haijakauka. Sababu nyingine watu hawapendi kuisema: mnunuzi alichagua rangi anayoitamani, hatua moja au mbili juu ya ile aliyo nayo. Faundesheni haimfanyi mtu kuwa mweupe. Inamfanya aonekane amepakwa.

## Vitu vya kuandaa

- Kioo kidogo cha mkononi. Cha dukani kimefungwa ukutani, huwezi kutoka nacho nje.
- Karatasi moja nyeupe ya kuchapia.
- Pamba za masikioni kumi hivi, zako mwenyewe.
- Tishu kavu, na tishu za majimaji zisizo na mafuta.
- Simu yenye kamera. Zima vichujio na ile sehemu ya kulainisha uso.
- Kalamu, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Vikopo viwili au vitatu vya mililita 3 hadi 5 vyenye kifuniko, kwa ajili ya sampuli.
- Blauzi nyeupe, nyeusi au ya kijivu yenye shingo wazi.

Hiyo blauzi ina kazi. Kitenge chekundu au cha njano hurusha rangi yake chini ya kidevu na kwenye taya, pale pale unapotaka kupima, na kila faundesheni itaonekana ya joto kuliko ilivyo.

Tenga saa mbili. Ukienda Kariakoo ukiwa na dakika kumi kabla ya basi, utarudi na namba ya rangi aliyokuchagulia muuzaji.

## Hatua ya 1: Tayarisha ngozi

Osha uso kwa sabuni unayoitumia siku zote, paka losheni nyepesi, kisha subiri dakika 20. Ngozi iliyotoka kusuguliwa ina wekundu usio wake, na ngozi kavu hunywa faundesheni kwa mabaka.

Usipake mafuta mazito ya mgando. Faundesheni itateleza juu yake na kuonekana nyeusi zaidi. Usipake pia sanskrini (krimu ya kukinga jua) inayoacha weupe, maana utakuwa unapima rangi ya sanskrini. Kama ulifanyiwa skrabu, mvuke au kutolewa nywele za uso kwa uzi, ahirisha siku mbili.

Ngozi iko tayari ukigusa shavu na kidole kikatoka bila unyevu wala mng'ao wa mafuta.

## Hatua ya 2: Hesabu rangi za uso wako

Hakuna uso wenye rangi moja. Kwa wengi wetu paji la uso na eneo la kuzunguka mdomo ni jeusi zaidi, katikati ya mashavu ni peupe zaidi, na chini ya macho kuna rangi yake. Chunusi zilizopona huongeza madoa. Ukipima kwenye shavu tu, umepima sehemu nyeupe kuliko zote, na hapo ndipo safari ya kupauka inapoanzia.

Simama karibu na dirisha, uso ukielekea nje, piga picha moja inayoonyesha uso, shingo na kifua. Iangalie, kisha amua utafuata rangi ya wapi. Chagua kwa hali yako:

Uso na shingo vinakaribiana. Pima kwenye mstari wa taya, kutoka chini ya shavu hadi shingoni.

Uso ni mweusi kuliko kifua kwa sababu ya jua. Fuata rangi iliyo kati ya shingo na pembe za uso. Ukifuata kifua peke yake, paji la uso litapauka.

Shingo ni nyeusi kuliko uso. Fuata shingo na kifua, kisha rudisha nuru katikati ya uso kwa konsila (krimu nzito ya kuficha madoa). Ukifuata mashavu utapata lile tatizo la picha.

Unavaa hijabu au buibui kila siku. Shingo yako haipati jua, hivyo huenda ni nyeupe kuliko uso, na hadharani haionekani. Ushauri wa kufuata shingo haukuhusu. Fuata pembe za uso, pale mtandio unapogusa shavu na paji la uso, kwa kuwa ndipo mstari wa rangi utakapoonekana. Kwa harusi ya wanawake peke yao ambako utavua mtandio, fanya kipimo kingine ukiwa shingo wazi.

Unatumia mkorogo au umeacha karibuni. Uso utabadilika wiki hadi wiki, na vifundo vya vidole na masikio vitakuwa na rangi tofauti na mashavu. Nunua chupa ndogo au sampuli tu. Hakuna namba itakayokaa hadi ngozi itulie.

## Hatua ya 3: Tafuta rangi ya ndani kabla ya weusi au weupe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, tukae kidogo.

Watu wawili wanaweza kuwa wote maji ya kunde, wamelingana kabisa kwa weusi, lakini mmoja ana udhahabu chini ya ngozi na mwingine ana wekundu. Chupa moja itamkubali wa kwanza na kumpausha wa pili. Hiyo ndiyo rangi ya ndani. Haibadiliki kwa jua. Jua linakuongezea weusi tu.

Faundesheni nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi nne. Nyeupe ni titani dioksidi, kwenye boksi huandikwa kwa namba ya utambulisho wa rangi, CI 77891. Nyingine tatu ni oksidi za chuma: nyekundu CI 77491, njano CI 77492 na nyeusi CI 77499. Namba ya rangi nyepesi ina nyeupe nyingi, na nyeupe nyingi juu ya ngozi nyeusi hutoa kijivu. Namba ya giza nayo inaweza kupausha, kama imetiwa weusi kwa unga mweusi bila nyekundu na njano ya kutosha. Ndiyo maana kuongeza giza peke yake hakuponyi uso wa majivu.

(Usijisumbue kusoma viambato ili kubashiri rangi. Kwenye maboksi mengi rangi zote nne huorodheshwa mwishoni kwa namba zote za bidhaa hiyo, bila vipimo.)

Jipime hivi. Ukiwa huna mekapu, kwenye mwanga wa dirisha, weka karatasi nyeupe chini ya kidevu ikigusa shingo. Weupe wa karatasi huifanya rangi ya ndani ijitokeze.

- Ukiona dhahabu, asali au machungwa, una rangi ya joto.
- Ukiona wekundu wa zambarau au ubluu, una rangi ya baridi.
- Ukiona vyote, au usipoweza kuamua, anza na rangi ya kati.
- Ukiona kijani kidogo, faundesheni nyingi zitaonekana kwako za waridi au za machungwa mno. Tafuta zenye njano iliyopoa.

Usidhani kila mweusi tii ana rangi ya baridi. Wapo wenye dhahabu na wapo wenye wekundu mzito. Lile jaribio la kutazama mishipa ya kifundo cha mkono kama ni ya kijani au ya bluu halitusaidii sana, kwa sababu melanini huificha mishipa. La kulinganisha mkufu wa dhahabu na wa fedha hupima ladha yako ya vito.

Kwenye chupa nyingi W ni joto, C ni baridi, N ni kati. Lakini kampuni ya M·A·C wanachanganya watu: NC kwao ni ya wenye ngozi ya dhahabu, na NW ni ya wenye wekundu, kinyume na unavyotarajia ukiiona ile W. Anayejijua ana rangi ya joto akachukua NW, hupotea hapo hapo.

## Hatua ya 4: Chagua namba tatu dukani

Chukua tatu, si moja wala saba: ile unayodhani ni yako, moja yenye giza zaidi kwa hatua moja, na moja yenye giza lile lile lakini rangi ya ndani tofauti. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, na mara nyingi ndiyo jibu.

Namba ya kampuni moja haina maana kwenye kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja, aina ya kukausha mafuta na aina ya kung'aa zinaweza kutofautiana kwa namba ile ile. Kampuni zenye namba nyingi hukurahisishia kazi. Fenty Beauty ilipoanza mwaka 2017 ilitoka na namba 40, baadaye ikafika 50, na mwaka 2022 ikaanza kuuzwa rasmi Kenya. Bidhaa yenye namba sita tu huenda isiwe na yako kabisa. Hapo kosa si la ngozi yako.

Paka hivi:

1. Tikisa chupa kwa sekunde kumi. Rangi nzito hutuama chini. Usipotikisa, unapima maji ya juu.
2. Chota kiasi cha punje ya mchele kwa pamba ya masikioni. Usichovye pamba hiyo tena, na usiguse uso kwa testa (chupa ya kujaribia dukani) iliyoguswa na watu.
3. Chora mstari wa sentimita 4 hivi, kutoka chini ya shavu, ukivuka mfupa wa taya, uishie shingoni.
4. Acha upana wa kidole, chora wa pili, halafu wa tatu.
5. Gonga kila mstari kwa kidole hadi uwe mwembamba. Mstari mnene hauonyeshi ngozi iliyo chini, hivyo daima utaonekana hauendani.
6. Andika mpangilio: kutoka sikioni kwenda kidevuni, namba ipi ni ipi. Baada ya dakika kumi utakuwa umesahau.

Kwa nini si nyuma ya kiganja? Mkono hupigwa na jua kuliko taya, ngozi yake si ya uso, na haina mafuta ya uso yanayobadilisha rangi. Upande wa ndani wa mkono nao ni mweupe kuliko uso.

## Hatua ya 5: Toka nje, usubiri

Muuzaji atasema, "Dada, hii imekukubali kabisa!" Mshukuru, kisha toka nje na kioo chako.

Taa nyeupe za duka huongeza ubluu na kuficha wekundu. Taa za njano hufanya kila kitu kipendeze. Jua la utosi huunguza rangi zote. Unachotaka ni mwanga wa mchana kivulini: chini ya baraza, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, au saa 9 hadi saa 10 alasiri. Ikifika saa 11 jioni mwanga umeshakuwa wa njano na utakudanganya. Usisimame mbele ya ukuta wa rangi kali wala chini ya mwavuli wa rangi.

Subiri dakika 15 kwa uchache, 30 ni bora. Maji na viyeyusho vinapokauka na rangi inapochanganyika na mafuta ya ngozi, faundesheni nyingi hugeuka nyeusi kidogo au za machungwa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kwa mwenye ngozi ya mafuta, mabadiliko huja haraka. Aliyelipa dakika ya pili amenunua rangi ambayo hataivaa.

## Hatua ya 6: Soma majibu

Namba yako ni ule mstari unaoutafuta huuoni. Angalia kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ukigeuza kichwa taratibu. Ngozi ionekane imelainika, na usijue rangi imeanzia wapi.

- Mstari ni wa kijivu. Ni mweupe mno kwako, au rangi ya ndani ni ya baridi na wewe una joto. Jaribu kwanza yenye joto zaidi kwa giza lile lile. Ikikataa, chukua yenye giza zaidi kwa hatua moja.
- Ni wa machungwa. Joto limezidi. Nenda kwenye rangi ya kati.
- Ni mwekundu kama tofali. Una dhahabu, umepaka yenye wekundu.
- Unafanana na tope, hauna uhai. Ni mweusi mno, au weusi wake umetokana na unga mweusi tu.
- Unapotea shavuni lakini unaonekana shingoni. Rudi hatua ya 2 uangalie ulikusudia kufuata wapi.
- Miwili inapotea. Chukua yenye giza zaidi. Ni rahisi kuongeza nuru kwa konsila kuliko kuficha kupauka.

Kisha ingia sehemu yenye giza kidogo, piga picha moja kwa flashi. Uso ukirudi mweupe na shingo ikabaki ilivyo, faundesheni hiyo, au poda uliyoweka juu yake, inaakisi mwanga. Wahusika wakuu ni titani dioksidi na zinki oksidi za sanskrini, pamoja na poda za silika. Kwa kwenda ofisini haidhuru. Kwa bi harusi atakayepigwa flashi usiku kucha, iache.

## Hatua ya 7: Omba sampuli

Mililita 2 zinatosha siku mbili za majaribio. Duka likikataa, zipo sehemu zinazouza vipimo vidogo; hakikisha unaona wanavyokumiminia kutoka kwenye chupa halisi.

Paka uso mzima, na prima (krimu inayotangulia faundesheni) na poda zako za kawaida, ukae nayo kwa muda wa saa sita hadi nane. Piga picha ukimaliza kupaka, mchana na jioni, mahali pale pale. Ikigeuka giza kidogo tu jioni, chukua namba iliyo hatua moja nyepesi ya bidhaa hiyo hiyo. Ikigeuka ya machungwa kabisa, achana nayo, namba haitakuokoa.

Kama pembeni pamekubali lakini eneo la mdomo limepauka, usibadilishe faundesheni. Paka kwanza safu nyembamba ya kirekebisha rangi pale penye weusi: cha machungwa mazito kwa ngozi nyeusi, cha pichi kwa ngozi nyepesi. Igonge hadi ikae, ndipo faundesheni ifuate. Kijivu kile kilikuwa weusi wa chini ukichungulia kupitia rangi nyepesi.

## Hatua ya 8: Namba yako haipo? Changanya

Wapambaji wengi wa maharusi hawatumii chupa moja. Nunua mbili zinazokuzunguka, nyepesi na nzito, za bidhaa ileile. Anza na matone mawili ya nzito kwa moja ya nyepesi, changanya kwenye kisahani au nyuma ya kiganja, pima kwenye taya. Ukipata uwiano, uandike. Usimimine chupa moja ndani ya nyingine; ngozi yako ya Januari, baada ya jua la likizo, si ile ya masika.

Ukichanganya za kampuni tofauti, tazama viambato vitano vya mwanzo. Vyenye majina yanayoishia na -cone au -siloxane ni vya silikoni. Ya silikoni na ya maji tupu hugombana: mchanganyiko hugawanyika na kuwa vipunje usoni.

Na ile chupa iliyokuaibisha nyumbani, usiitupe:

- Inapausha? Tone dogo la rangi ya kuchanganyia ya machungwa au nyekundu-kahawia kwa pampu mbili. Ongeza kidogo kidogo.
- Ni ya machungwa? Tone moja la bluu, kiasi cha kichwa cha pini. Bluu ikizidi inaleta kile kijivu ulichokuwa unakikimbia.
- Ni nyepesi mno? Iwe konsila ya katikati ya uso.
- Ni nyeusi mno? Chora nayo kingo za mashavu na pua.

## Kabla ya kulipa

Lipia chupa iliyofungwa, si testa. Angalia utando au kifungio cha kiwandani, namba ya toleo kwenye boksi na chupa zilingane, na maandishi yasiwe na makosa ya tahajia. Feki nyingi hunakili boksi vizuri, lakini rangi iliyomo ndani ya chupa haifanani na namba iliyoandikwa, kwa hiyo fungua, linganisha na sampuli yako, ndipo utoe hela. Tanzania, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019; Kenya, tafuta alama ya shirika la viwango la huko, KEBS.

Ukinunua mtandaoni, usiamini rangi ya kioo cha simu. Nunua namba ambayo umeshaipima usoni, au muulize mtu mwenye ngozi kama yako anatumia ipi, na umwone akiwa ameipaka mchana.

Ile alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye 12M inamaanisha miezi 12 tangu ufungue. Andika tarehe chini ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Iweke mbali na dirisha na isikae kwenye gari. Ikianza kunuka mafuta yaliyoharibika, au mafuta yakajitenga hata ukitikisa, imekwisha, hata kama imebaki nusu.